Mara Mbili ni Hapana

Rafiki yangu Tusekile,

Leo ni Jumapili ya saba tangu tukuzike, na hii ni karatasi ya tatu. Ya kwanza niliichana kabla haijafika nusu. Ya pili niliijaza mambo mazuri matupu: mvua imeshuka vizuri, mto umefurika hadi watu wa Ipyana wanavushwa kwa mtumbwi, mpunga wa mama yangu umechanua. Nilipoisoma nikaona nimekuandikia kama nilivyokuwa nikimjibu Sista wa misheni kila asubuhi, nikaitia motoni. Hii ya leo ni karatasi nene iliyofungiwa bandeji kutoka Ulaya. Haichaniki kwa urahisi, na labda ndiyo inayonifaa.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha yetu ile tuliyoiokota sokoni Mwaya kwa askari na wachuuzi, tukawa tunaisema mbele ya mama zetu wasijue tunamcheka nani. Ukweni kwangu hakuna anayeisoma. Halafu kuna jina moja ambalo tangu niolewe hadi majuzi sikuwahi kulitamka, wala neno lolote la lugha yetu ya nyumbani linalokaribiana nalo. Kwa Kiswahili napata nafasi ya kupumua.

Kitanda chako cha mianzi hakikuchomwa. Nakilalia mimi. Usishtuke. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu nitoke nyumbani kwa mume wangu, na kwa kuwa hakuna aliyenikaribisha kwake, nimehamia hapa misheni, nyumba ya nyuma ya wasiojiweza. Zamani niliingia humu na beseni nikatoka na beseni. Sasa nami ni mkazi. Mtoto wetu Kisa yupo kwenye kitanda cha pili, palepale pake, na amepata nyama kidogo mashavuni. Mimi nina mimba ya miezi sita. Nikienda kuteka maji wanawake wananipisha njia, na si kwa adabu, ni kama anavyopishwa mwenye ndui.

Nikuambie kwa ufupi kabla ujasiri haujaniishia: nilinyamaza, ukafa. Kisha nikasema, nikafukuzwa. Ningeanza na hilo la pili, Tusekile, ungekuwa hapa unanicheka kwa macho kama kawaida yako.

Nakukumbuka sana ulivyokuwa kabla ya homa. Nakukumbuka ukishuka kwenye mtumbwi wa mama yako, vyungu vimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na wewe tayari unapiga kelele kabla mguu haujagusa mchanga. Mama yangu alitoka Ipinda na kikapu cha mpunga kuja kubadilishana, na wewe hukumpa chungu hata kimoja bila kukigonga kwanza kwa kifundo cha kidole. "Chungu kizima kinaitika," ulimwambia. "Chenye ufa kinakohoa." Mama alipokuwa akichagua kile kilichopakwa rangi nzuri, ulimnyang'anya mkononi: "Juba, mama yangu, hiki kinakohoa, utakilaani uji ukimwagikia jikoni." Mama yako alikukodolea macho, maana ulikuwa unamharibia biashara. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nikasema moyoni, huyu msema kweli lazima awe rafiki yangu.

Halafu ikaja ile homa. Siku nane ulikuwa unaungua, na ilipokuachia ikawa imekwenda na miguu, na mikono, na ulimi. Wakakuleta kwa mtumbwi, wakakubeba kwa machela kutoka ziwani mpaka hapa misheni. Nilikuwa nimeshajifunza uuguzi mwaka mzima. Nilipokufunua shuka nikakuona, nilitoka nje nikatapika. Hilo sijakuambia. Ukakaa wiki mbili nyumba ya mbele, wanakokaa wagonjwa wanaotarajiwa kupona, kisha Sista akatikisa kichwa, ukahamishiwa huku nyuma, kwa wasiojiweza.

Ni mimi niliyegundua kwamba kidole chako kimoja kimebaki. Nilikuwa nakuosha shingo nikasikia ko, ko, kwenye mwanzi wa kitanda. Nikadhani ni panya. Kumbe ni wewe, kile kifundo chako cha kugongea vyungu. Nilikaa chini nikalia, na wewe ukaendelea kugonga kwa hasira, kwamba niache upuuzi. Tukaelewana siku ileile: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Kwa ndiyo na hapana tu uliweza kunisengenyea watu mpaka nikashika mbavu.

Sista alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Unamkumbuka, anavyosema Kiswahili kama anatafuna karanga na maganda yake. Alitusimamisha barazani asubuhi, sisi wauguzi wanne, akamwonyesha kidole Kisa ambaye tangu azaliwe mikono na miguu yake imejikunja na hajawahi kusema neno. "Huyu hana kinywa," alisema. "Kinywa yake ni wewe. Kama yeye na njaa, wewe sema. Kama yeye na kidonda, wewe sema. Unaona, husemi, basi ni wewe umefanya." Na kila asubuhi alituuliza mmoja mmoja, kitabu kikiwa wazi mbele yake, huyu amekula, huyu amegeuzwa, huyu ana kidonda kipya. Sheria nyepesi. Hata mtoto angeishika.

Lakini mimi nilikuwa mkamwana, na unajua mkamwana kwetu ni nini.

Hata nyinyi wafinyanzi wa ufuoni chini ya milima mlikuwa mnatucheka kwa hilo. Mwanamke akiolewa hamwangalii baba mkwe usoni. Halali naye nyumba moja, hapiti njia anayopita yeye, hataji jina lake. Mzee akikaribia alipo mkamwana hukohoa, na mkamwana hujifunika nguo kichwani akakimbia kujificha mpaka apite. Kukohoa ni heshima yake kwangu, kukimbia ni heshima yangu kwake. Miaka mitano ya ndoa, sikujua baba mkwe wangu ana sura gani. Nilijua kikohozi chake.

Na ndiye aliyekabidhiwa chakula cha nyumba ya nyuma. Mzee wa kanisa, mtu wa kwanza kubatizwa upande wetu, nani wa kumtilia shaka? Kazi yake ilikuwa kuleta maziwa na ndizi za kuponda jua likiwa utosini, mimi niwalishe. Lakini atanikabidhije bakuli mtu asiyeweza kunitazama? Akasema mwenyewe atawalisha kwa mikono yake, mimi nikae kando. Kanisani wakamsifu, mzee mzima kulisha vilema kijiko kwa kijiko! Sista aliniita akaniambia, "Hapa kazini hakuna mkwe." Nikajibu, "Ndiyo, Sista." Kesho yake kikohozi kikasikika getini, nikajifunika nguo, nikakimbilia migombani.

Ndivyo nilivyofanya kila siku. Anakohoa, natoka. Anakohoa tena akiondoka, narudi. Nakuta mabakuli matupu. Asubuhi Sista ananiuliza, "Amekula?" Nami namjibu, "Amekula, Sista." Wiki za mwanzo sikusema uongo, Tusekile, naapa. Niliona bakuli tupu nikaamini limeingia tumboni. Nani aliyenifundisha kwamba bakuli ni shahidi? Wewe mwenyewe usingekiamini chungu kwa kukitazama tu.

Halafu nikakugeuza siku moja nikaona nyonga imechomoza ngozini. Nikakuuliza kwa mzaha, "Gwe, unakula unapeleka wapi?" Ukagonga mara mbili. Nikasema hapana nini? Hujashiba? Mara mbili. Nikaacha kitambaa. Nikakuuliza polepole, leo umelishwa? Mara mbili. Jana? Mara mbili. Nikamtaja yule mzee kwa kuzunguka, yule anayekuja mchana, anakupa? Mara mbili, na macho yako hayakuniacha.

Basi nilijua. Tangu saa ile nilijua, na hapo ndipo hesabu yangu na Mungu inapoanzia.

Usidhani sikuhangaika. Nilimwambia mume wangu. Asajile ni mtu mpole, unamjua, hata kuku hamfukuzi kwa fimbo. Akasema, "Unamsema baba?" Nikamwambia nasema nilichoambiwa na mgonjwa. Akaniuliza, mgonjwa asiye na ulimi amekuambiaje? Nikamwendea mama mkwe. Yeye alinishika tumbo, ambalo lilikuwa halijaanza kuonekana, akasema kwa upole kabisa, "Miaka minne hukupata kitu. Sasa umepata. Mkamwana akimtazama baba mkwe usoni, au akilitaja jina lake, tumbo linajifunga. Wataka kuijaribu desturi kwa mtoto wangu?" Nikatoka kwake nimeshika tumbo kwa mikono miwili.

Nikatafuta njia za panya. Nilificha ndizi mbivu kwenye nguo nikakupondea asubuhi, lakini koo lako lilikuwa linapokea kidogokidogo, kijiko kimoja kilihitaji subira ya mvuvi, na kengele ya barazani ikilia ilibidi nikuache umebakiza. Kidonda kilipofumuka mgongoni nilimripotia Sista kidonda. Akaja, akakiosha, akakipaka dawa, akasema mtu huyu ni mwembamba mno, anakula? Na kinywa chako, Tusekile, kinywa chako ambacho ni mimi, kikasema, "Anakula, Sista." Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha ili nizae.

Sasa nakuandikia ile siku. Nimezunguka kurasa zote hizi kuikwepa.

Jua lilikuwa kali, hakuna hata jani lililotikisika. Alikohoa, nikakimbia. Ulijua ninapojificha, maana kupitia ufa wa ukuta ulikuwa unauona mgomba ule ule wa mwisho. Nimechuchumaa pale, nguo kichwani, nasikia mlango, nasikia bakuli likiwekwa chini. Kisha nikasikia wewe. Ko-ko. Kimya. Ko-ko. Nikafunga macho. Ko-ko, ko-ko, ko-ko, haraka haraka, mpaka nikashangaa kidole kimoja kinapata wapi nguvu ile. Ulikuwa huongei naye, yeye hakuijua lugha yetu. Ulikuwa unaniita mimi. Nilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kitandani kwako, baadaye nimezihesabu. Nikamsikia anasema kwa sauti ya upole, "Tulia, mwanangu, tulia." Nikaubana mgomba kwa mikono miwili na sikutoka.

Alipokohoa kuondoka niliingia. Bakuli tupu. Nikakunusa mdomo, haukuwa na harufu ya maziwa. Nikakuuliza, amekupa? Hukuhitaji kujibu ila ulijibu. Nikapiga magoti nikakuambia, "Nisamehe. Unanisamehe?" Nikausogeza mkono wako karibu na mwanzi. Nikasubiri. Hukugonga moja, hukugonga mbili. Uligeuza macho ukatazama ukuta.

Siku ya tatu asubuhi, nakamua kitambaa kwenye beseni, nikageuka, umekwenda.

Mama yako alifika kesho yake, mtumbwi mtupu, hakupakia vyungu. Tulikuosha sisi wawili. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na hapa waosha walikuwa mama aliyekuzaa na rafiki aliyekuacha. Aliupitisha mkono kwenye mbavu zako polepole, moja baada ya moja, kama anavyopitisha kwenye udongo kutafuta kijiwe. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, mlikuwa mnakula naye?" Nikainamia maji. Alisubiri jibu langu mpaka akachoka, kisha akaendelea kukuosha. Kitabuni Sista aliandika kwamba umekufa kwa homa.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama mtu anayetembea ndotoni. Kikohozi, migomba, kikohozi, bakuli. Naam, hata baada yako niliendelea kukimbia! Unaona rafiki uliyekuwa naye? Aliyeniamsha ni Kisa. Unakumbuka alivyokuwa akilia kila mchana ukifika, tukasema mtoto huyu ana deko. Haikuwa deko. Alikuwa anaomba. Wiki ya tano akaacha kulia. Mchana ukafika, mzee akaja akaondoka, na Kisa hakutoa sauti yoyote, alikuwa anatazama paa tu. Nikamshika kiwiko, kikazunguka chote ndani ya vidole vyangu viwili. Nikaona jinsi nitakavyomwosha. Niliona hata kitambaa nitakachotumia.

Jumanne ile mzee alikohoa getini. Nilikuwa nimeketi kitandani kwa Kisa, nimempakata kichwa. Sikuondoka. Akakohoa tena. Miguu yangu yenyewe ikanyanyuka, Tusekile, miguu haina akili, nikaikalisha. Akakohoa mara ya tatu, na safari hii ilikuwa kama swali. Kisha, kwa kuwa haikuwahi kutokea nisiondoke, akaamini nimeondoka, akaingia.

Nikamtazama.

Ni mzee mdogo tu. Nilidhani ana uso wa kutisha. Ana macho ya Asajile, na nyusi moja imeota mvi nyingine bado. Alisimama na kibuyu cha maziwa mkononi, mdomo wazi, akaniona ninamwona. Akatoa sauti kama aliyekanyaga kaa la moto, akajifunika shuka usoni, akageuka, akajigonga kwenye mwimo wa mlango, akakimbia. Mzee wa kanisa, mbatizwa wa kwanza, anakatiza migombani na kibuyu kinamruka ubavuni! Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka machozi yakageuka kuwa ya kweli, maana ni wewe pekee ambaye ningependa ukione kile kioja.

Kibuyu alikiangusha karibu na choo. Kulikuwa kumebaki maziwa ya kutosha. Nikamlisha Kisa kijiko kwa kijiko mpaka kivuli cha nyumba kikaanza kurefuka, kisha nikanawa mikono, nikaenda barazani kwa Sista.

Nilisema yote. Kwamba chakula cha nyumba ya nyuma kilikuwa hakiingii kwenye vinywa vya nyumba ya nyuma. Kwamba Tusekile hakufa kwa homa. Sista akachukua kalamu akaniuliza, "Nani?" Nikaweka mkono tumboni, nikamwomba radhi aliyemo ndani, nikasema: Angolwisye. Mara ya kwanza maishani mwangu. Nilingoja ardhi ifanye kitu. Jogoo akawika, basi. Sista akaandika. Kisha akauliza, "Na muuguzi wa zamu alikuwa nani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Lile jina nililoliogopa miaka mitano lilikuwa limetoka lote, na hili la pili, ambalo mama yangu aliniita nalo kila siku, likakataa kupita kooni. Alijua, kitabu kilikuwa mbele yake. Alitaka nitaje mimi. Nikasema, "Subilaga. Nilijua siku kumi na nane. Andika." Aliandika. Kidachi, lugha ya kwao, sikijui lakini herufi nazijua, nikaliona jina langu chini ya lile jingine, na neno la homa limekatwa kwa mstari. Nikamwambia pia, kwa kuwa kinywa kilikuwa kimeshafunguka, "Na wewe, Sista, hukuja mchana hata siku moja." Kalamu yake ilisimama. Akafunga kitabu bila kuandika. Tangu siku hiyo huja mwenyewe kila mchana, anamlisha Kisa, na hatutazamani.

Mzee ameondolewa kwenye chakula. Maziwa yetu walikuwa wakiyanywa nyuma ya jiko, yeye na wazee wa rika lake, huku wakipiga soga. Alimwambia Asajile, na hakuona haya: "Chakula ni cha mtu wa kukaa na wenzake mkaongea. Wale wa nyuma Kyala, Mungu, alishawachukua, imebaki miili." Unajua alichokisema? Hiyo ni ile ile ukwangala tunayofundishwa tangu utotoni, kula pamoja na kuongea pamoja, ndiyo utu wetu. Hakujua kwamba wewe uliongea kuliko wote. Hakuwahi kukaa nawe akasikiliza. Na hicho ndicho kinachonitia wazimu, kwamba hakukuchukia. Alikuwa hakuoni tu, nami niliyekuona nilikuwa nimejifunika nguo kichwani.

Jioni ileile mama mkwe alitoa mkeka wangu nje. Asajile alikuja mara moja mpaka kwenye ua, akasimama upande ule. Akasema, "Baba hatoki ndani, hali. Umemuua." Nikamuuliza, na Tusekile alikufa kwa kitu gani? Akaweka mkungu wa ndizi juu ya ua, akaondoka. Sista hakunifukuza kwa sababu moja tu, hakuna mwingine anayekubali kuosha watu wa huku. Wale wauguzi wenzangu watatu wanasema mwanamke aliyevunja desturi asiwaguse vyombo vyao.

Na sasa nikuambie ninaloliogopa. Tangu juzi mtoto amepunguza kucheza. Zamani alinipiga mateke kila nikiinama kwenye beseni. Jana mara moja. Leo bado. Naweka kiganja, nasubiri, natoa, naweka tena. Mkunga wa Busale amenikanda, amesema wengine hulala, nisijitie hofu, lakini hakuniangalia aliposema. Nikikaa peke yangu najiuliza kama mama mkwe alikuwa na haki. Kisha namtazama Kisa anavyolamba kijiko. Nifanye nini mimi, Tusekile? Ningekuwa nimesema siku ya kwanza uliponigongea, labda bei ingekuwa hii hii, lakini ungekuwa hai wa kunishika mkono kwa kidole chako kimoja. Nimelipa bei yote nikachelewa kuchukua bidhaa.

Nakuomba usidhani nimesema ili nipate msamaha wako. Uligeuza macho, na ulikuwa na haki nayo. Sitakuuliza tena.

Ila nina ahadi, na ni ya kutimizwa, maana nimeiandika kwenye karatasi isiyochanika. Kila mchana Sista akishatoka, namshika Kisa mkono wake uliojikunja, nagonga mwanzi, nangoja. Anadhani ni mchezo, anacheka. Nitaendelea mpaka ajue kwamba anaweza kunikatalia. Na hakuna kikohozi cha mtu yeyote, mweusi au mweupe, kitakachonitoa tena chumbani alipo mgonjwa. Hata wakinikataza kazi hii nitaifanya bila nguo ya kazi.

La mwisho ndilo zito. Jumatano mitumbwi ya vyungu inafika Mwaya, na nimesikia mama yako ameanza tena kuja. Nitatoka alfajiri, nitatembea na tumbo langu hivyo hivyo. Aliniuliza swali siku tuliyokuosha na bado ananidai jibu, na Sista hawezi kunijibia, wala kitabu chake. Nitasimama mbele yake pale mchangani, mbele ya wanawake wote wa sokoni. Akitaka kunipiga, anipige. Kama ulimi utanifia, kama wako ulivyokufa, nitainama nigonge ubavu wa mtumbwi kwa kifundo cha kidole, atasikia, maana ndiye aliyekufundisha kugonga.

Pumzika, mwenzangu. Ndaga fijo, asante sana, kwa ukweli wako, tangu ule wa chungu cha mama yangu. Pale kaburini nimeweka kibakuli ulichokifinyanga mwenyewe, na kila asubuhi nakikuta kimejaa maji ya mvua.

Mama yako ataniuliza, mlikuwa mnakula naye?

Ko-ko.

Mimi,
Subilaga